Unataka kuwa programa na uko Tanga? Anza na daftari la madeni kabla hujalipa ada

Matokeo ya fomu foo yakitoka tu simu yangu haipumui. Leo mtoto wa jirani, kesho binamu wa rafiki, wote swali moja, "kaka shikamoo, nataka kusomea kompyuta, niende chuo gani?" Na mi huwa nawajibu kwa swali linalowaudhi, umeshawahi kuandika programu hata moja? Kimya. Dogo mmoja wa Makorora akaniambia "si ndo naenda kusomea?" Sawa, ana haki yake, ila ada ya mwaka wa kwanza ni machungwa ya mzee wake ya msimu mzima kule Muheza, wakati kujua kama kazi hii utaiweza au itakuchosha kunataka wiki sita na bando. Kwaiyo nimeona niandike yote hapa mara moja nipumzike.

Mi mtoto wa Ngamiani, nimeanza na diploma na diploma yenyewe nimeianza mara mbili (kwa nini mara mbili ntasema huko mbele, ni aibu yangu), na miaka tisa sasa kazi hii ndo inanilisha.

Onyo dogo, kuandika programu wengine wanaita kuandika kodi, toka neno la Kingereza code. Usimwambie bibi yako hivo, atakuficha hela akidhani umeajiriwa TRA.

HATUA YA 1: Jijaribu kwanza, hata kwa simu

Usisubiri laptopu. Kwenye Android kuna programu inaitwa Pydroid 3, inaandika Python bila hata intaneti ukishaiweka. Kioo ni kidogo na vidole vitauma lakini kwa wiki za mwanzo inatosha kabisa. Watu wanapoteza mwezi mzima wakibishana lugha ipi bora, Python au JavaScript. Python ipo tangu 1991, JavaScript tangu 1995, zote mbili zina kazi mpaka leo na hamna inayokufa kesho. Chagua moja ukae nayo. Mi namwanzisha mtu na Python kwa sababu haina mabano mengi, anayependa websaiti aanze na HTML halafu JavaScript, basi.

Pa kusomea bure papo. freeCodeCamp ni bure toka mwanzo mpaka cheti. CS50 ya chuo cha Harvard nayo masomo yake ni bure, mwalimu wake David Malan anaongea mbio kama konda wa daladala ya Pongwe, washa maandishi ya chini na urudie rudie. Video pakua na bando la usiku, mchana unasoma. Nyumbani kukiwa na kelele nenda maktaba ya mkoa, mi nimekaa pale miezi na hamna aliyeniuliza.

Kingereza kinawatisha wengi. Ukweli ni kwamba unakihitaji, ila cha kusoma zaidi kuliko cha kuongea, na maneno yenyewe yanajirudia, kompyuta ikikuambia mstari wa 14 una kosa inakuambia kwa maneno yaleyale kila siku mpaka unayaota.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka. Ukishajua vigezo (majina ya kuhifadhia taarifa), masharti (ikiwa hivi, fanya vile) na kuzungusha lupu (kurudia jambo), acha video, tafuta shida ya mtu mmoja unayemjua na umtengenezee kitu. Mi nilianza na shangazi yangu. Ana duka barabara ya 12, na madeni anaandika kwenye kaunta buku la kwaya mbili lililofungwa na rababendi. Nikamwambia shangazi, hili daftari ntaliingiza kwenye kompyuta. Akasema haya baba, ila usinipotezee.

Siku ya kwanza namba za simu za wateja wote zikapoteza sifuri ya mbele. Niliingiza 0754 na kitu, ikatoka 754 na kitu. Nikahangaika usiku kucha nadhani laptopu ya kuazima ina virusi. Kumbe nimeziweka kama namba za hesabu, na kwa kompyuta sifuri ya mbele haina maana yoyote. Namba ya simu ni maandishi, jamani, hakuna siku utajumlisha simu ya mtu na simu ya mwenzake. Hilo sijalisahau mpaka leo na mpaka leo naliona kwenye mifumo ya watu wazima wenye ofisi.

Siku ya pili wakaja kina Mama Asha. Shangazi ana wateja watatu wenye jina hilo, kwenye daftari kaandika "Mama Asha wa 14", "Mama Asha mweupe" na "Mama Asha bajia". Mi kwa ujuaji wangu nikaandika Mama Asha tu. Deni la sukari la mweupe likahamia kwa wa bajia, na yule mama wa bajia hadaiwi cha mtu, alikuja dukani na sauti iliyosikika mpaka barabara ya 13. Ndo nikaelewa kila mteja apewe namba yake ya peke yake, jina libaki la kuitana. Miaka miwili baadaye mwalimu alipofundisha habari hiyo kwenye somo la databesi, yani ghala la taarifa, darasa zima limelala, mi namuona Mama Asha bajia kasimama mlangoni.

Siku ya tatu saa. Shangazi anasema mtu kakopa saa mbili usiku, programu inaonyesha 20:00, akaona inasema uongo. Nikasema rahisi, ntatoa sita, na ikizidi kumi na mbili natoa kumi na mbili tena. Ishirini toa sita kumi na nne, toa kumi na mbili, mbili. Safi! Nikalala na furaha. Kumbe saa sita usiku kompyuta inahesabu sifuri, sifuri toa sita ikaja saa hasi sita, halafu alfajiri aliyechukua mkate saa kumi na mbili akaandikiwa saa sifuri. Shangazi akavua miwani, "saa sifuri ndo saa ngapi hiyo, ya majini?"

Basi hicho ndo kipimo. Wakati unahangaika na saa sifuri, ulikuwa unajisikiaje? Kama ulikasirika lakini ukagoma kulala mpaka ujue, endelea kusoma hapa. Kama ulitamani kuitupa simu baharini, na wiki ya pili hivohivo, na ya sita hivohivo, haina aibu yoyote, kuna ufundi wa kompyuta, kuna kufunga mitandao, kuna dizaini, zote ni kazi za watu na zinalipa. Bora ujue kabla ya ada.

HATUA YA 2: Kaa chini na slipu yako

Hapa ndo ndoto inakutana na NECTA. Njia ziko tatu nne hivi.

Ukiwa na hesabu nzuri na fizikia, nenda fomu faivu. PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) zinajulikana, na kwenye kombi mpya kuna ya Fizikia, Hesabu na Sayansi ya Kompyuta, kama umepangiwa shule yenye walimu wake ni nzuri sana. Ukimaliza unahitaji prinsipo mbili (masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4 kuingia digrii, ila hiyo ni chini kabisa, kozi nyingi za Sayansi ya Kompyuta zinataka Hesabu ya advansi iwemo humohumo. Faida ya njia hii ni unafika chuo kikuu mapema, na ukifika unaomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo. Hasara yake ni miaka miwili ya kukariri kemia wakati moyo uko kwenye kompyuta, mi nisingeweza.

Njia ya pili ni diploma, ndo niliyopita mimi. Ukiwa na D nne za fomu foo bila kuhesabu masomo ya dini unaanza NTA 4 (NTA ni ngazi za masomo ya vyuo vya ufundi), unaenda 5, unamaliza 6, miaka mitatu. Baadhi ya vyuo wanataka Hesabu au Kingereza iwe mojawapo, wengine hawajali, hiyo inatofautiana kozi kwa kozi na yote imeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kinapatikana bure mtandaoni, kisome mwenyewe usisomewe na dalali wa chuo. Ukimaliza na GPA (wastani wa alama zako) ya 3.0 au zaidi mlango wa digrii uko wazi. Piga hesabu: fomu siksi miaka 2 na digrii 3 au 4, diploma 3 na digrii 3 au 4. Unachelewa mwaka mmoja, lakini mwaka wa tatu wewe tayari una cheti cha kufanyia kazi na mwenzako ana slipu ya fomu siksi tu. Kwa nyumba ambayo hela inasubiriwa hiyo si tofauti ndogo. Na GPA yako ilinde kuanzia siku ya kwanza, nimeona watu wana 2.9 wanalia kwa sababu ya somo moja la mawasiliano walilolidharau.

Una F ya hesabu na kozi unayoitaka inaidai? Risiti, yani urudie mtihani. Sikuambii uache ndoto, nakuambia jiandikishe mtihani wa kujitegemea, tafuta mwalimu wa tyusheni, mwaka mmoja unasafisha. Hesabu yenyewe ya kila siku kwenye kazi hii ni ndogo kuliko watu wanavyotisha, asilimia, mantiki, kujumlisha saa za shangazi. Ila mlangoni wanaangalia slipu na huwezi kubishana na mlango.

Ukiwa tayari una kazi, mfano uko bandarini au kiwanda cha saruji na huwezi kuhama, Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapahapa Tanga, unasoma huku unafanya kazi. Inataka nidhamu ya chuma, ila ipo. Na VETA Tanga ipo kwa anayetaka ufundi wa haraka.

Jambo moja dogo linaloua watu kimyakimya: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha fomu foo Mwanahidi, NIDA jina la babu limeruka. Rekebisha sasa hivi. HESLB wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na wiki ya mwisho ya maombi mfumo unakuwa mzito kuliko gari la mkonge.

HATUA YA 3: Soma orodha ya masomo, jina la kozi achana nalo

Majina ya kozi yanadanganya. Utakuta Teknolojia ya Habari, Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Kompyuta, Uhandisi wa Softiwea, Kompyuta na Biashara. Mtu anachagua jina tamu. Omba orodha ya masomo ya kila muhula, ni haki yako, hesabu ni masomo mangapi mwanafunzi anaandika programu. Kama miaka mitatu kuna mawili tu na yaliyobaki ni uongozi na uhasibu, hiyo ni kozi ya kusimamia kompyuta. Nzuri kwa kazi yake, kwako wewe siyo.

Kwa ujumla Sayansi ya Kompyuta inakuingiza kwenye algorithimu, databesi, mifumo endeshi, miaka mitatu. Uhandisi wa Kompyuta unachanganya na umeme na mitambo, huwa miaka minne. Na hii ya pili watoto wa Tanga tunaidharau bila sababu. Angalia tulipo, bandari inapanuliwa, viwanda vya saruji vipo, bomba la mafuta la kilomita 1,443 toka Hoima Uganda linaishia Chongoleani, yote hayo yanaendeshwa na vihisio na mitambo inayoongozwa na programu. Anayejua kuongea na mashine ya kiwandani hana foleni nyuma yake kama sie wa websaiti.

Vyuo vyenyewe: UDSM ya Dar wana ndaki yao ya TEHAMA pale Kijitonyama, UDOM ya Dodoma wana yao inaitwa CIVE, kuna DIT Dar, MUST Mbeya, IAA Arusha, IFM Dar. Sipangi nani wa kwanza. Nenda kwa aliyehitimu juzi, muulize alichotengeneza mwaka wa mwisho, akianza kueleza macho yanang'aa umepata jibu, akikuambia "tulikuwa wengi kwenye grupu" nalo ni jibu.

HATUA YA 4: Hakikisha chuo, na hii ndo aibu yangu

Diploma yangu ya kwanza niliianza kwenye chuo kimoja Dar, jina naliacha. Kipeperushi kizuri, picha za wanafunzi wamevaa suti mbele ya kompyuta nyeupe. Mama aliuza cherehani. Nimefika, maabara ina kompyuta kumi na moja, saba zinawaka, sisi tuko sitini. Nikavumilia. Mwisho wa mwaka rafiki yangu anataka kuhamia chuo kingine karibu na kwao, kule wakamuuliza usajili wake NACTE (ndo hii NACTVET ya leo), wakatafuta, hayupo. Tukajitafuta wote darasa zima, hatupo. Chuo kilikuwa na usajili wa kozi ya ukatibu, ya kompyuta walikuwa "wanaifuatilia". Mwaka umeenda, cherehani imeenda. Nimerudi Tanga na basi la usiku ili nishuke giza.

Kwaiyo kabla ya kulipa hata fomu, ingia kwenye kitabu cha NACTVET, au cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa digrii, tafuta jina la chuo NA jina la kozi yenyewe. Vyote viwili. Ukishaanza, ndani ya muhula wa kwanza uliza ofisi ya usajili kama jina lako limeshapelekwa. Ukimaliza diploma utahitaji namba ya uhakiki, wanaita AVN, ndo unaombea digrii, na kama hukusajiliwa hiyo namba huipati hata ulie.

HATUA YA 5: Laptopu

Mpya sio lazima. Mtumba wa ofisi za nje ni imara kuliko mpya za bei rahisi. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8 isipungue, diski iwe SSD, aina ile ya haraka, basi, mengine ni urembo. Ukienda dukani usikubali kuonyeshwa ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Mi nilikuwa na dogo mmoja duka moja hapa mjini, muuzaji anaisifia, nikachomoa waya huku nacheka naye, kioo kikazima palepale kama taa ya LUKU iliyoisha. Betri hamna kabisa. Fungua programu yoyote ya kuandikia, bonyeza herufi zote moja moja, usisahau namba na mabano, programa anaishi kwenye mabano. Kaa nayo nusu saa inawaka uone kama inachemka. Na usiweke Windows ya wizi iliyojaa virusi, weka Linux, ni bure, na seva nyingi utakazokutana nazo kazini zinaendeshwa nayo hiyohiyo.

HATUA YA 6: Ukiwa chuoni

Fupi. Jifunze Git (inatunza kila badiliko la programu yako) mwezi wa kwanza na uweke kazi zako kwenye tovuti ya GitHub, mwajiri anafungua huko kabla ya cheti. Jifunze SQL, lugha ya kuulizia databesi, vizuri kuliko wenzako. Elewa jinsi malipo yanavyosafiri, mana kazi nyingi za Bongo mwisho wa siku ni kuunganisha mfumo mmoja na hela ya simu au na kontrol namba ya serikali. M-Pesa iko Tanzania toka 2008, ile menyu ya *150*00# unayoipiga kila siku kuna mtu kakaa akaiandika, na kuna siku ilimkatalia kama saa sifuri ilivyonikatalia mimi.

Hizi akili bandia zitumie, mi nazitumia. Ila muhula wa kwanza andika kwa mkono wako. Nina kijana wa fildi ofisini alileta programu ndefu safi kabisa, nikamwambia badilisha jumla isihesabu wateja waliolipa, akakaa mpaka jioni anaiangalia kama mgeni aliyekabidhiwa mtoto asiyemjua. Hakuwa ameandika hata mstari.

Fildi nayo usiende kupiga chapa barua tu. Omba wakupe shida moja yao, hata ndogo.

HATUA YA 7: Kazi ya kwanza ya hela

Itakuja kabla hujamaliza chuo, na itakuja kupitia mtu anayekujua, duka la dawa, shule binafsi, saccos ya mtaa. Andikianeni. Karatasi moja inatosha, utafanya nini, utamaliza lini, kiasi gani, na mabadiliko baada ya hapo ni bei nyingine. Chukua nusu kabla hujaanza, mtu wa pwani akishaona kazi imekwisha hela huwa "inakuja inshallah" mpaka Ramadhani mbili zipite. Bei usimtajie palepale kwenye kahawa, sema ntakuletea kesho, nenda kahesabu siku utakazotumia halafu zidisha mara mbili, mana siku zile za kwanza ulizohesabu hazina kina Mama Asha ndani yake.

Na ukishika taarifa za watu, majina, simu, madeni, jua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usitembee na databesi ya mteja kwenye flashi umeifunga kwenye funguo za pikipiki. Weka nywila, weka nakala sehemu ya pili, na kazi ikiisha muulize mwenyewe nakala uliyobaki nayo uifute au vipi.

Shangazi bado anatumia ile programu, niliiandika upya mara tatu. Kaunta buku nalo bado liko chini ya kaunta na rababendi yake, umeme ukikatika anaandika humo, ukirudi binti yake anaingiza. Mwaka jana nikaongeza kitufe cha kuingiza madeni ya siku zilizopita kwa sababu hiyo tu.